Umeme mdogo, kazi nyingi: namna keneli ya Linux inavyochunga kurani ya ordinatere

Katika miji ya mashariki ya Congo, kuanzia Bunia mpaka Uvira, ordinatere haiulizwi kwanza kama iko na nguvu. Inaulizwa kama itamaliza kazi mbele kurani haijaenda. Karani wa sekretariati anayechapa kazi ya mwisho ya mwanafunzi, mkuu wa shule anayeingiza pointi za darasa la sita, fundi wa radio anayetayarisha habari za asubuhi: wote wanajua lile giza la ghafla, na ule ukimya unaofuata feni ikishasimama.

Kurani ikikosekana, watu wanatafuta gurupe, mafuta, batri na pano za jua. Ni sawa. Lakini kuna sehemu nyingine ambayo wengi hawaiangalii, na hiyo haiombi pesa: mipangilio ya umeme ndani ya mashini yenyewe. Kwenye ordinatere za Linux, mipangilio hiyo inakaa katika keneli. Ikipangwa vizuri, batri ile ile inaweza kufika mbali zaidi, na kurani ikikatika kazi inabaki salama. Ikipangwa vibaya, mashini inaweza kulala usiku na kuamka asubuhi ikiwa tupu.

Keneli ni nini

Keneli ni kiini cha mfumo wa ordinatere. Ni programu inayosimama katikati ya vifaa (prosesa, memori, diski, ekrani, kadi ya sauti) na programu ambazo mtu anatumia. Keneli ya Linux ilianzishwa 1991 na Linus Torvalds, wakati alikuwa mwanafunzi kule Finland. Leo inaendesha seva nyingi za dunia, na pia simu zote za Android. Kwa hiyo hata mtu ambaye hajagusa ordinatere ya Linux, akiwa na simu ya Android, keneli hiyo iko mfukoni mwake, na ndiyo inayoamua wakati gani prosesa ipumzike ili batri isiishe.

Zamani kazi ya kuchunga umeme haikuwa ya keneli. Kulikuwa mpango ulioitwa APM, uliotolewa 1992 na Intel pamoja na Microsoft. Katika mpango huo BIOS ndiyo ilikuwa inaamua mengi: mashini ilale, diski isimame. Shida ni kwamba BIOS haijui mtu anafanya nini. Inaweza kulaza mashini katikati ya kazi. Mwezi wa 12 mwaka 1996, Intel, Microsoft na Toshiba walitoa mpango mpya, ACPI. Hapo mambo yaligeuka: BIOS inaeleza tu vifaa vilivyopo na hali zinazowezekana, halafu mfumo wenyewe ndio unaamua. Ordinatere karibu zote za leo, hata zile za mitumba zinazofika sokoni, zinatumia ACPI.

Kusinzia na kulala kabisa

Kabla ya kugusa kitu chochote, inafaa kuelewa namna tatu za kulala ambazo keneli inajua. Zinafanana kwa macho, juu ekrani inazimika katika zote, lakini umeme ukikatika zinaleta matokeo tofauti kabisa.

Ya kwanza inaitwa s2idle. Programu zinasimamishwa, vifaa vinapumzika, prosesa inakaa bila kazi. Inaamka haraka, lakini bado inakula umeme kidogo kidogo. Laptop nyingi mpya zinakuja na hii peke yake.

Ya pili inaitwa deep. Ni kusinzia kwa ndani zaidi. Karibu kila kitu kinazimwa, inabaki memori tu, ambayo inaendelea kupewa umeme ili isisahau. Laptop nyingi katika hali hii zinakula kama wati moja hivi, au chini yake.

Ya tatu ni kulala kabisa. Keneli inaandika yote yaliyo ndani ya memori kwenye diski, kisha inazima mashini moja kwa moja. Hapo hata batri ikitolewa hakuna kinachopotea. Mtu akiwasha, keneli inasoma ile picha kutoka diski na kurudisha kila dirisha pale lilipokuwa.

Sasa tofauti inaonekana. Laptop yenye batri nzuri inaweza kusinzia usiku kucha bila shida. Ile yenye batri iliyochoka, iliyobaki na wati-saa 8 tu, ikila wati moja kila saa itamaliza yote kabla ya kucha. Ndiyo maana watu wanasema: "Nililalisha mashini mangaribi, asubuhi nakuta iko imezimika na kazi yote imeenda." Mashini haikuharibika. Ilisinzia mahali ambapo ilipaswa kulala kabisa.

Ordinatere ya mezani iko katika hatari kubwa zaidi. Haina batri ndani. Ikiwa inasinzia na kurani ikatike hata sekunde chache, memori inasahau yote. Kwa mashini ya mezani isiyo na ondulere, kusinzia ni kamari. Inafaa kuhifadhi kazi na kuzima, ama kulala kabisa.

Kuangalia kwanza yaliyopo

Fundi mzuri hafungui mashini kabla ya kusikiliza. Hapa pia ni vile. Amri chache tu katika teminali zinaonyesha hali ilivyo.

cat /sys/power/state inaonyesha namna za kulala ambazo keneli hiyo inakubali. Neno freeze ni s2idle, neno mem ni kusinzia, neno disk ni kulala kabisa. Kama disk haipo kwenye jibu, kulala kabisa hakuwezekani kwa sasa.

cat /sys/power/mem_sleep inaonyesha kusinzia kwa namna gani. Jibu likiwa [s2idle] deep, maana yake mashini inajua zote mbili lakini imechagua ile nyepesi. Kuweka mem_sleep_default=deep katika mstari wa kuwasha keneli kunaweza kupunguza umeme unaoliwa usiku. Baada ya kubadili, lazima kujaribu kama mashini inaamka vizuri, juu si BIOS zote zinazofanya kazi hiyo sawasawa.

Hali ya batri inakaa katika /sys/class/power_supply/BAT0. Faili energy_full_design inasema batri ilikuwa na uwezo gani ilipotoka kiwandani. Energy_full inasema imebaki na uwezo gani leo. Kama ya kwanza ni wati-saa 48 na ya pili ni 18, batri hiyo imebaki na sehemu kidogo zaidi ya moja ya tatu. Kwenye mashini nyingine majina ni charge_full_design na charge_full, hesabu ni ile ile. Mtu anayenunua laptop ya mitumba anaweza kuangalia namba hizi mbili kabla ya kutoa pesa. Asilimia inayoonyeshwa pembeni ya ekrani haitoshi: batri mbovu pia inaandika 100%.

Programu powertop, iliyotolewa na Intel 2007, inaonyesha ni nini kinaamsha prosesa mara kwa mara na mashini inakula wati ngapi ikiwa kwenye batri. Ni kipimo kizuri cha kulinganisha: andika namba mbele ya kubadili, andika tena baada ya kubadili. Bila kipimo, mtu anabaki kubahatisha.

Chaguo zilizo ndani ya keneli

Keneli inajengwa kutokana na maelfu ya chaguo. Kila chaguo lina jina linaloanza na CONFIG_, na jibu lake ni y (ndani ya keneli), m (moduli inayopakiwa ikihitajika) ama n (haipo). Ili kujua keneli inayoendeshwa imejengwa na nini, mtu anasoma faili iliyo katika /boot, jina lake linaanza na config- na kumalizika na namba ya keneli. Hizi ndizo chaguo zinazohusu umeme ambazo inafaa kuzijua:

CONFIG_ACPI ni mlango wa yote kwenye ordinatere za kawaida. Bila hiyo keneli haioni batri wala kitufe cha kuzima.

CONFIG_ACPI_BATTERY na CONFIG_ACPI_AC zinaleta habari za batri na sharjeri. Zikikosekana, mfumo haujui kama kurani imeenda, basi hauwezi kuchukua hatua yoyote.

CONFIG_ACPI_BUTTON inasikiliza kitufe cha kuzima na kifuniko cha laptop. CONFIG_ACPI_FAN na CONFIG_ACPI_THERMAL zinaangalia feni na joto. Hizi mbili si za kuondoa hata siku moja kwa kutafuta wepesi. Katika chumba cha moto chenye vumbi, ndizo zinazolinda prosesa.

CONFIG_SUSPEND inaruhusu kusinzia. CONFIG_HIBERNATION inaruhusu kulala kabisa. Ya pili inahitaji CONFIG_SWAP, kwa sababu picha ya memori inaandikwa katika swapu.

CONFIG_CPU_FREQ inaruhusu prosesa kupunguza ama kuongeza mwendo. CONFIG_CPU_IDLE inaruhusu prosesa isiyo na kazi kushuka katika usingizi wake mdogo, ngazi kwa ngazi.

CONFIG_NO_HZ_IDLE inazuia keneli kuamsha prosesa bure. Zamani keneli ilikuwa inapiga kama saa, mara mia ama elfu kwa sekunde, hata kama hakuna kazi. Mwaka 2007, katika keneli 2.6.21, mpigo huo ulianza kunyamazishwa prosesa ikiwa imepumzika. Kwa laptop hilo lilikuwa badiliko kubwa.

CONFIG_PCIEASPM inalaza njia za PCI Express zisipopitisha kitu, mfano kati ya prosesa na kadi ya Wi-Fi.

Keneli za Debian, Ubuntu, Fedora na Mint zinakuja tayari na karibu chaguo hizi zote. Ni vile watu wengi hawana haja ya kujenga keneli mpya. Wanachohitaji ni kupanga kile ambacho tayari kipo.

Magavana wa prosesa

Neno "gavana" linajulikana mkoani. Ndani ya keneli pia kuna magavana: ni kanuni zinazoamua prosesa ikimbie kwa mwendo gani. Performance inashikilia mwendo wa juu wakati wote. Powersave inashikilia mwendo wa chini. Ondemand inapandisha mwendo kazi ikija, kisha inashusha. Conservative inafanya vile vile lakini pole pole. Schedutil, iliyoingia katika keneli 4.7 mwaka 2016, inaongea moja kwa moja na sehemu ya keneli inayogawa kazi, na kwa hiyo inajua mapema kazi iliyopo.

Wengi wanafikiri powersave ndiyo inaokoa umeme kila mara. Si hivyo. Prosesa inayokokota kazi kwa dakika kumi inaweza kula zaidi kuliko ile iliyokimbia dakika nne ikapumzika sita, juu wakati wote huo memori, ekrani na vingine vinaendelea kula pia. Katika mashini nyingi, gavana anayepanda na kushuka ndiye mzuri.

Kuna mtego mwingine. Kwenye prosesa za Intel zinazotumia draiva intel_pstate, jina powersave halina maana ile ile. Pale powersave inapanda na kushuka kulingana na kazi. Ni chaguo la kawaida, wala haifungi mashini katika mwendo wa chini. Kabla ya kubadili gavana, ni vizuri kusoma faili scaling_driver iliyo katika /sys/devices/system/cpu/cpu0/cpufreq ili kujua draiva gani inafanya kazi.

Vifaa vidogo vinavyokula kimya kimya

Kwenye laptop, ekrani mara nyingi ndiyo inayokula kuliko vyote wakati wa kazi nyepesi. Kushusha mwangaza kunaokoa zaidi kuliko mipangilio mingi ya keneli. Hakuhitaji amri yoyote, ni kitufe tu.

Baada ya hapo kuna vifaa vya USB. Kila kifaa kina faili yake power/control. Ikiandikwa auto, keneli inakilaza kisipotumika. Kawaida baada ya sekunde 2. Ikiandikwa on, hakilazwi. Klaviye na suri nyingine hazipendi kulazwa: mtu anabonyeza, herufi ya kwanza inapotea. Kifaa kama hicho kinaachwa katika on.

Wi-Fi pia inalazwa, kwa amri iw dev, jina la kifaa, kisha set power_save on. Mahali ambapo sinyali ni hafifu, kulaza Wi-Fi kunaweza kuleta kukatika-katika. Hapo inafaa kuchagua: umeme ama mtandao.

Kwa PCI Express, watu wengine wanashauri kuweka pcie_aspm=force. Chaguo hilo linalazimisha hata kifaa ambacho mtengenezaji alisema hakiwezi. Mashini inaweza kuganda. Ni la kujaribu tu kama kuna njia ya kurudi nyuma.

Kuna na diski. Keneli haiandiki kila kitu hapo hapo. Inakusanya katika memori, inaangalia kila sekunde 5, na data inaweza kungoja karibu sekunde 30. Powertop inapendekeza kuongeza ile 5 mpaka 15 ili diski ipumzike. Kwa laptop yenye batri nzima ni sawa. Kwa ordinatere ya mezani katika mtaa ambapo kurani inaruka, ni kuongeza muda ambao kazi iko hewani. Hapo inafaa kuacha namba ya kawaida, na kutumia amri sync baada ya kuhifadhi kitu cha maana.

Kupanga kulala kabisa

Hii ndiyo kazi yenye faida kubwa kwa mtu anayeishi na kurani ya kuruka. Kwenye Debian na ndugu zake, hatua ni hizi.

Kwanza, swapu iwe ya kutosha. Amri swapon --show inaonyesha ukubwa wake, amri free -h inaonyesha memori. Swapu inayolingana na memori ama kuipita inaondoa wasiwasi. Swapu ya zram haifai, juu yenyewe iko ndani ya memori.

Pili, keneli iambiwe mahali picha ilipo. Amri blkid inatoa UUID ya swapu. Katika faili /etc/default/grub, kwenye mstari GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT, inaongezwa resume=UUID= ikifuatwa na namba hiyo. UUID ile ile inaandikwa katika /etc/initramfs-tools/conf.d/resume, kwa mstari unaoanza na RESUME=UUID=. Kisha inapigwa update-grub na update-initramfs -u, na mashini inawashwa upya.

Tatu, jaribio. Inafunguliwa barua isiyo na maana, inapigwa systemctl hibernate, mashini inazimika, inawashwa tena. Barua ikirudi pale ilipokuwa, kazi imekwisha. Jaribio lifanyike mara tatu, si mara moja, na lisifanyike mara ya kwanza na kazi ya mteja.

Mitego iko mitatu. Mashini iliyowashwa na Secure Boot mara nyingi inakataa kulala kabisa, kwa sababu keneli inajifunga. Neno disk linakosekana katika /sys/power/state. Suluhisho ni kuzima Secure Boot katika BIOS, mtu akijua kwamba anaondoa kinga moja. Mtego wa pili ni swapu iliyo faili badala ya sehemu ya diski: hiyo inahitaji pia namba ya resume_offset. Wa tatu ni mashini yenye mifumo miwili, Linux na Windows. Mfumo mmoja ukiwa umelala kabisa, usifungue mwingine ukaandika kwenye diski wanayogawana. Faili zinaweza kuharibika. Windows kuanzia toleo la 8 ina kuwasha kwa haraka, ambako ni nusu ya kulala kabisa, na ndiyo maana Linux wakati mwingine inakataa kuandika kwenye diski ya Windows. Kuwasha huko kwa haraka kuzimwe kwanza.

Batri za mitumba zinazodanganya

Laptop nyingi zinazouzwa huku zimetumika miaka mbele ya kufika. Batri zake zinaonyesha 20%, halafu ghafla ekrani inakuwa nyeusi. Mfumo ulikuwa unangoja 2% ili uchukue hatua, kumbe batri haikufika pale.

Hatua hiyo inapangwa katika faili /etc/UPower/UPower.conf. PercentageLow ni onyo la kwanza, PercentageCritical ni onyo kali, PercentageAction ni wakati wa kutenda, na CriticalPowerAction ni tendo lenyewe. Kwa batri inayokufa karibu na 20%, mtu anaweza kuweka 40, 30 na 25, na tendo likawa Hibernate. Namba lazima zishuke kutoka ya kwanza mpaka ya tatu. Zikivurugika, programu inarudi kwenye namba zake za kawaida bila kusema. Hapo laptop inalala kabisa yenyewe wakati bado kuna umeme wa kuandika picha.

Kwa batri ambayo bado ni nzima, laptop nyingine zina faili charge_control_end_threshold. Ikiandikwa 80, batri haijazwi mpaka juu. Laptop inayokaa kwenye kurani siku nzima inafaidika hapo, juu batri za lithiamu zinachoka upesi zikikaa zimejaa kwenye joto. Mtu anayetegemea batri jioni asiweke 80: anahitaji yote.

Studio ya radio: si kila kitu kilale

Kuna mahali ambapo kuokoa umeme kunaleta hasara. Ordinatere inayotoa sauti hewani ni moja. Kadi ya sauti ikilazwa, inaamka na mlio wa "paf" ambao msikilizaji anausikia nyumbani. Parametri power_save ya moduli snd_hda_intel ikiwekwa 0, kadi hailali. Vifaa vya sauti vya USB viachwe katika on. Wakati wa matangazo, gavana performance anaweza kupunguza kukatika-katika kwa sauti, kwa sababu prosesa inabaki katika mwendo wa juu. Matangazo yakiisha, gavana wa kawaida anarudishwa.

Kwa upande mwingine, kuna kazi ambayo keneli inaweza kuichukua. Amri rtcwake inaagiza saa ya ndani kuamsha mashini. rtcwake -m mem -s 21600 inaisinzisha na kuiamsha baada ya sekunde 21.600, yaani masaa sita. Hivyo mashini inaweza kuwa tayari alfajiri mbele ya fundi hajafika. Kwenye ordinatere nzee, kama saa inarudi nyuma kila kurani ikikatika, ni ile batri ndogo ya duara, CR2032, iliyo kwenye kadi mama. Kuibadilisha kunarudisha saa sawa.

Wakati gani kujenga keneli mpya

Kujenga keneli kunafaa mashini ikiwa na kifaa ambacho keneli ya kawaida haikijui, ama seva ndogo inayohitaji wepesi, ama fundi anayetaka kujifunza. Inahitaji gcc, make, flex, bison, bc na maktaba za ncurses, openssl na elf. Chanzo chenyewe kinapita megabaiti 100, na ujenzi unaweza kuomba gigabaiti nyingi za diski na masaa mengi kwenye laptop ya zamani. Prosesa itakimbia kwa nguvu yote, kwa hiyo kazi hii ifanyike kurani ikiwepo.

Mpangilio ni huu. Faili ya config iliyo katika /boot inanakiliwa kwa jina .config ndani ya chanzo. Make olddefconfig inajaza chaguo mpya kwa majibu ya kawaida. Make localmodconfig inaondoa moduli zote ambazo hazikupakiwa wakati huo. Inapunguza sana muda wa kujenga, lakini kabla yake lazima kuchomeka kila kifaa kinachotumika, hata printa na modemu ya USB, bila hivyo draiva zake zinatupwa. Make menuconfig inafungua orodha, na sehemu ya "Power management and ACPI options" ndiyo yenye mengi yaliyoelezwa hapa. Kisha make, make modules_install na make install. Keneli ya zamani haifutwi. Inabaki katika orodha ya GRUB, ili mpya ikikataa kuwaka, kazi iendelee na ile ya jana.

Hesabu ya mwisho

Faida ya yote haya inaonekana kwenye batri ya pano za jua. Batri ya volti 12 na amperi-saa 100 inabeba wati-saa 1.200. Ikiwa ni ya asidi, haishauriwi kupita nusu, kwa hiyo zinabaki 600. Tuseme konvertisere inapoteza 15%: zinabaki 510.

Ordinatere ya mezani pamoja na ekrani yake, ikila wati 100, itatumika masaa 5 tu. Laptop inayokula wati 20 itafika masaa 25. Laptop hiyo hiyo, ikishushwa mwangaza, ikiwa na gavana mzuri na vifaa visivyotumika vikilala, ikafika wati 12, itapita masaa 42. Batri ni ile ile, pano ni zile zile, na hakuna litre moja ya mafuta iliyoongezwa. Kwa shule yenye laptop moja, tofauti hiyo ni siku mbili za kazi zaidi mbele ya jua kurudi.

Anayeanza leo anaweza kuanza na mambo manne: kuangalia uwezo halisi wa batri, kupanga kulala kabisa na kukujaribu, kupandisha namba za onyo katika UPower, na kushusha mwangaza. Mengine yatafuata pole pole, moja baada ya lingine, kila badiliko likipimwa na kuandikwa kwenye daftari. Siku mashini itakataa kuamka, daftari hiyo ndiyo itaonyesha ni wapi pa kurudi.